Upande wa Kulia wa Nyumba

Hainiingii akilini, jamani. Jana tumemzika rafiki yangu huko Manga, na leo asubuhi nimeshika simu nimpigie nimsimulie mazishi yalivyokuwa.

Kwenye tangazo la kifo mlisoma Kerubo, jina la kike. Mimi nilimwita Ondieki. Jina hilo la kiume alilichagua mwenyewe.

Miaka ya sabini tulikuwa mataipisti, ofisi moja Kisii mjini. Mimi domo, yeye kimya. Sketi ya ofisi aliivaa kama ya kuazima, na saa za kazi zikiisha huyo mbio stoo kuvaa suruali.

Jumapili moja tukaenda kutazama filamu ya katuni kutoka Japani, ukumbini, madirisha yamezibwa kwa blanketi. Watu wako kwenye chombo cha angani. Wanaambiwa mmoja wao ni jasusi aliyevaa mwili usio wake, basi kila mtu anamwogopa mwenzake. Rubani, anayejijua mwanamume ndani ya mwili wa kike, anajifungia peke yake. Mwishoni inajulikana jasusi hakuwepo kabisa.

Watu walicheka. Yeye alilia.

Tulipofika soko la Daraja Mbili, katikati ya mikungu ya ndizi, akaniambia, "Yule rubani ni mimi. Ukiniita Ondieki tukiwa wawili, nitaitika."

Nikamwita. Akaitika, na sijawahi kumwona mtu akifurahi vile.

Lakini filamu ilimwachia hofu, mwisho wake akausahau. Chai ya saa nne wenzetu wakinong'ona, ni yeye anasemwa. Bosi akifunga mlango, ni yeye. Aligeuza meza yake ikatazama mlango. Hata mimi aliniuliza kama nimemwambia mtu. Iliniuma sana.

Kisha aka-resign, akarudi Manga kulima chai. Aliishi peke yake miaka yote hii. Nikimtembelea, kwanza anatazama nyuma yangu aone nimekuja na nani.

Kaka yake alikaa ng'ambo ya ua. Rafiki yangu hakumkaribisha ndani hata siku moja. Aliniambia huyo ndiye wa kuogopwa kuliko wote.

Sasa jana. Kwetu Gusii mwanamume huzikwa upande wa kulia wa nyumba, mwanamke kushoto. Vijana walikuwa wameshaanza kuchimba kushoto. Yule kaka, mzee wa mkongojo sasa, akawasimamisha. Akazunguka hadi kulia, akachora kaburi ardhini kwa fimbo yake.

Wazee wakaguna. Akawajibu polepole, "Tumechunga na yeye ng'ombe za baba tangu tukiwa wadogo. Mnafikiri mimi sikuwa naona? Nilikuwa nangoja aniambie."

Nilikaa chini kwenye nyasi nikalia. Kumbe ni ua tu uliokuwa katikati yao.

Hakukuwa na jasusi, rafiki yangu. Alikuwa kaka yako, anakungoja.

Mimi nimebaki mpweke, sina tena wa kumwita jina lile tukiwa wawili. Ndiyo maana leo naliita mbele ya watu wote.

Pumzika upande wako, Ondieki.