Mchuzi Mweupe wa Sista Soli

Nakumbuka asubuhi moja kule milimani Ugweno, mwanangu, asubuhi ya ukungu ule unaoingia ndani bila hodi na kukaa kitini kama mtu wa nyumbani. Nilikuwa msichana bado. Kazi yangu ilikuwa kufagia zahanati ya misheni na kuchemsha maji. Muuguzi wetu alikuwa mwanamke wa Norwei, jina lake Solveig, lakini ndimi zetu ziliona taabu na jina hilo tukamwita Sista Soli, naye akaitika. Watoto wengi wa kijiji kile walipokewa na mikono yake. Asubuhi hiyo simu ya upepo ikakoroma ofisini kwa mchungaji, na muda si muda habari ikapanda kilima: mama yake Sista Soli amefariki huko kwao.

Masika yalikuwa yamekata barabara. Hata angeshuka kwa miguu hadi tambarare, angefika kwao kaburi limekwisha kufukiwa. Basi hakwenda. Alivaa gauni lake jeupe, akawapima wajawazito, akafunga vidonda, jioni akajifungia ndani. Hakulia. Hilo ndilo lililotutisha.

Kina mama walimwendea kama ilivyo desturi, wakatandika mikeka barazani kwake. Walimpelekea makande, wakampelekea ndizi za kupika na maharage. Aliwaambia, "Asanteni, mama zangu," na sahani zikarudi zimejaa. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Sasa mfiwa mwenyewe hajaanza, wa mbali waingilie wapi? Siku zikapita, gauni likaanza kumning'inia. Kisha nikamkuta anapanga nguo sandukuni.

"Naelijwa," akaniambia, "mvua ikikatika nakwenda. Sirudi tena."

Nilibaki na ufagio mkononi. Dada yangu mkubwa alikuwa na mimba ya kwanza, miguu imemvimba, na Sista Soli ndiye aliyekuwa akimwangalia. Akiondoka, hospitali ilikuwa huko chini, na barabara umeshasikia habari zake.

Nilimweleza mama yangu. Mama alikuwa mtu wa Mamba, milima ile ya kusini ya tangawizi. Aliolewa akaletwa Ugweno hajui hata neno moja la Kigweno, yeye na Kipare chake cha Chasu. Akaendelea kuchambua maharage, halafu akasema, "Mimi nilitoka milima hii hii, na bado mwaka wa kwanza nilikuwa naota chungu cha mama yangu. Je, yeye aliyevuka bahari?"

Tukaenda. Sista Soli akamwamkia, "Shikamoo, mama." Mama akaitikia marahaba, akaketi, hakutoa pole wala mahubiri. Akauliza tu, "Ulipokuwa mdogo ukiumwa, mama yako alikupikia nini?"

Yule mwanamke alijivutia shuka begani. Kisha akaanza kusema taratibu, macho kwenye dirisha lililojaa ukungu, kama mtu anayesimulia ndoto huku bado yumo ndani yake. Alisema kwao kuna majira ambayo jua halichomozi kabisa, na theluji inafika dirishani, na jikoni kuna taa ya njano na mvuke. Mama yake anasimama pale, mikono ya gauni imekunjwa. Anamtoa samaki miiba, anamponda, anafinyanga vidonge vya mviringo, anavichemsha kwenye mchuzi mweupe wa maziwa, siagi na unga. Anakwangulia kungumanga kidogo. Pembeni viazi vya kuchemsha, basi. Aliponyamaza nilihisi baridi miguuni, mwanangu, na sikujua ni ukungu wa Ugweno au ni theluji ya kwao.

Siku iliyofuata mama nami tuliteremka hadi Ziwa Jipe. Ukitoka juu, ziwa unaliona mapema sana, limelala kule chini kama kitu ulichokiota, na kadiri unavyoteremka ndivyo linavyozidi kukaa mbali. Tulipata perege wabichi, tukawafunga kwenye majani ya mgomba, tukapanda nao kilima.

Tulipika jikoni kwa Sista Soli mwenyewe, naye amekaa mlangoni, shuka begani. Mara ya kwanza vidonge vilipasuka sufuriani vikawa uji. Sista Soli akasema kwa sauti ndogo, "Mama alikuwa anatia chumvi kwanza, halafu anaponda sana, mpaka inanata." Mama akanitazama. Tangu msiba uingie, lilikuwa neno la kwanza juu ya mama yake alilolitoa bila kuulizwa. Tukarudi kinuni na samaki waliobaki, tukatia chumvi, tukatwanga mpaka samaki akanata kama ulimbo. Safari hii vikashikana.

Nikaonja ule mchuzi. Loo! Mwanangu, ulikuwa hauna ladha, kama maji ya kuoshea mchele. Nikaona aibu kumpa mfiwa chakula cha namna hiyo. Mama hakukosa tangawizi ya kwao nyumbani, na kipande kilikuwamo kwenye upindo wa khanga yangu. Nikakitoa, nikachukua kisu na pilipili. Mama akanishika kiganja, polepole, ili yule wa mlangoni asione.

"Unampikia nani?"

"Sista."

"Basi acha. Ukitia tangawizi utakuwa umepika chakula chako, ukakipa jina la mama yake. Sisi hatujaja kumfundisha kula."

Nikarudisha kisu.

Tukampakulia. Akala kidonge kimoja, akatafuna muda mrefu. "Siyo kama cha mama," akasema. "Samaki ni mwingine." Akala cha pili. "Lakini mchuzi..." Hapo kijiko kikamponyoka, akalia. Alilia kwa sauti, kama tunavyolia sisi, na mama akamkumbatia akaanza kulia naye, nami nikafuata, na kina mama waliokuwa njiani wakasikia wakaingia. Mfiwa alikuwa ameanza. Tulilia mpaka ukungu ukainuka na mabonde yakaonekana.

Hakuondoka. Dada yangu alijifungua salama mikononi mwake kabla masika hayajaisha, na Sista Soli alikaa Ugweno miaka mingi, mpaka uzee ulipomrudisha kwao.

Jumapili baada ya ibada ndipo alipoanza kutufundisha mapishi ya kwao: chapati nyembamba za maji zinazokunjwa na sukari, supu ya njegere kavu, mikate myororo ya iliki na mdalasini iliyofanya nyumba nzima inukie sikukuu. Mama naye alimfundisha makande, akayapenda hata akawa anakwangua ukoko. Na siku moja tunapika vile vidonge vya samaki, akanigeukia mwenyewe: "Naelijwa, kwenu huwa mnatia nini?" Nikamwambia, tangawizi na pilipili. Akacheka. "Tia leo, tuone." Tukala, jasho likamtoka puani, akaomba tena.

Sasa ninaishi Same, kwenye joto na vumbi, na mjukuu wangu Upendo hunipikia Jumapili. Ana simu yake, humo anaona wanavyopika Uswidi, Poland, Ureno, dunia nzima. Juzi alipika vinyama vya mviringo vya Uswidi, vinavyoliwa na viazi vya kuponda na jamu kali ya matunda. Akaonja, akakunja uso. "Bibi, Wazungu hawajui kupika. Ngoja niwachangamshie na masala."

Nikamuuliza, "Umeshakijua, au umekionja tu?"

Akanitazama. Akarudisha kopo la masala kabatini, tukala vile vile, nyama na jamu. Kijiko cha kwanza kilitushangaza. Cha tatu tukaacha kuzungumza. Akasema, "Bibi, kumbe siyo kibaya. Kinataka utulivu."

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Pika vya kwenu uvijue, maana mwacha asili ni mtumwa. Na ukipika vya watu, jifunze kwanza kuvipika kama wao, hata kama ulimi wako unalalamika, kwa sababu kila chungu kina mama aliyekipika na mtoto anayekikumbuka. Haraka ya kurekebisha cha mwenzio humfungia mwenzio mlango. Kaa, onja, uliza. Siku akikuuliza na wewe kwenu mnatia nini, mwambie, maana hapo mmekuwa ndugu. Na ukimwona mgeni hali, usimlazimishe sahani yako. Muulize mama yake alimpikia nini.

Mungu akupe moto usiozimika na chungu kisichopasuka. Akupe wa kula nawe popote utakapokuwa, na ukiwa ugenini, akuinulie mtu wa kukuuliza ulikula nini utotoni. Nenda kwa amani, mwanangu.