Mazoezi ya Tamae na Maandazi ya Ghorofa ya Tatu

Chinatsu alimkuta mama yake, Tamae Iwakiri, ameketi kwenye ngazi kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, mfuko wa vitunguu mapajani, akijifanya anatazama mandhari. Mandhari yenyewe ilikuwa ukuta.

"Mama, unafanya nini hapo?"

"Napunga upepo."

"Upepo uko wapi?"

"Ulikuwepo. Umefika wewe, ukaondoka."

Chinatsu hakucheka. Alikuwa amekuja Osaka kutoka Nagoya na neno lake, na alilitoa kabla hata chai haijamiminwa. Jengo halina lifti, mama anakaa ghorofa ya nne, magoti yamechoka, basi ahamie kwake. Tangu Chinatsu aachane na mumewe wakati wa baridi, nyumba yake ilikuwa na nafasi tele.

"Na baba yako je?" Tamae akauliza, akiionyesha picha ya marehemu kwa kidevu. "Kila Agosti wafu wakirudi majumbani, yeye huja hapa. Nagoya atafikaje? Maisha yake yote alikuwa akipotea stesheni."

"Mama, usimtumie baba."

"Simtumii. Namsemea."

Walibishana mpaka wote wawili wakaona njaa, ndipo wakapatana. Chinatsu angerudi Agosti, kwenye Bon, hiyo sikukuu ya wafu. Mama akipanda ngazi kutoka chini mpaka mlangoni pake bila kuketi, abaki kwake. Akiketi, hata kama ni kwa kupunga upepo, afunge virago.

Tamae ni mwanamke wa Osaka, hakubali kushindwa hata na muuza samaki. Kesho yake asubuhi aliingia kabatini mzima mzima, akatoka na vumbi nywelani na ule mchezo wa mazoezi aliokuwa akiucheza na Chinatsu zamani, kabla mumewe hajaugua: ubao mweupe wa kusimamia, na waya za kuchomeka kwenye televisheni. Alidhani umeshakufa. Akauwasha, ukaimba.

"Karibu tena! Tumepoteana sana!" akasema kijana wa kwenye kioo cha televisheni, kwa furaha ya mtu asiye na magoti. Akampima uzito, akamsimamisha kwa mguu mmoja, akatafakari, kisha akamtangazia umri wa mwili wake: miaka themanini na mmoja. Tamae alikuwa na sitini na tisa.

"Mshenzi mkubwa wewe," Tamae akamwambia.

Kijana, ambaye bado alikuwa amelihifadhi jina la Chinatsu tangu zamani, akatabasamu, akataka kujua kama naye amebadilika umbo siku hizi.

"Kamuulize mwenyewe, kama umechoka kuishi."

Zoezi la kwanza lilikuwa kukimbia papo hapo. Tamae aliinua mguu, akausitisha hewani. Chini yake, ghorofa ya tatu, anakaa Bwana Hamaguchi, mgane mpole anayetoa taka zake zimefungwa kama zawadi. Huwezi kumrukia mtu wa namna hiyo kichwani bila kumwomba radhi kwanza. Tamae akavaa viatu, akaenda mpaka duka la vitamutamu ng'ambo ya daraja, akanunua boksi la maandazi ya mvuke yenye maharage matamu ndani, akabisha hodi ghorofa ya tatu na kuinama.

"Samahani sana, Bwana Hamaguchi. Kuanzia leo nitakuwa na vishindo kidogo."

"Hapana, hapana! Mimi ndiye wa kuomba radhi, televisheni yangu ina kelele."

"Hata siisikii."

"Basi masikio yako yana huruma, Bi Iwakiri."

Siku mbili baadaye mlango wa Tamae ukagongwa. Bwana Hamaguchi alikuwa amesimama na keki ya mayai iliyofungwa kwa karatasi nzuri. Ni kawaida tu, boksi likiingia lazima lingine litoke. Lakini keki ile ilikuwa ya bei kubwa kuliko maandazi, na Tamae asingepata usingizi na deni la heshima chini ya sakafu yake. Akavuka daraja tena.

Hivyo ndivyo mvua za Juni zilivyopita. Yeye akiruka, dhamiri ikimsuta, anashusha boksi, na boksi jingine linapanda. Kukataa ni utovu wa adabu, na mtu anayeishi peke yake akipewa keki nzima ataila na nani? Aliila.

"Umeongezeka uzito!" kijana wa kwenye kioo akamwambia. "Je, unaijua sababu?"

"Naijua. Inakaa ghorofa ya tatu."

Alijaribu kuukata mchezo huo wa maboksi kwa kupeleka taulo, kwa kuwa taulo hailiwi. Bwana Hamaguchi aliguswa mno, akarudi na makopo ya biskuti.

"Una mchumba nini?" mwenye duka akamuuliza siku moja.

"Nina jirani. Ni ghali zaidi."

Hakuna aliyehesabu, hata yeye mwenyewe, ni mara ngapi alishuka na kupanda zile ngazi kwa ajili ya adabu. Alichokiona ni uzito, na ulimtisha. Usiku wa kuamkia Bon aliketi mbele ya picha ya mumewe akasema wazi kwamba anaogopa. Hakutaka kuondoka. Alikuwa akilijua kila jiko la jengo lile kwa harufu.

Chinatsu alifika na begi zito, akasimama chini ya ngazi. "Haya Mama, tangulia."

Tamae akatangulia. Ghorofa ya pili ikapita. Mahali pa vitunguu pakapita. Kwenye ghorofa ya tatu mlango ukafunguka, akatoka Bwana Hamaguchi na tikiti maji lenye ukubwa wa kichwa cha ng'ombe.

"Bi Iwakiri! Ni kitu kidogo tu, kwa ajili ya marehemu."

Tamae alilitazama tikiti, akayatazama magoti yake. Kukataa hakuwezekani. Akainama, akalipokea, akalikumbatia, akaendelea. Alihema, alilaani kimyakimya, lakini hakuketi. Aligeuka akiwa mlangoni pake, tayari kwa majigambo aliyoyatunga tangu Juni.

Chinatsu hakuwa nyuma yake. Alikuwa amebaki pale ghorofa ya tatu, ameshika reli, anatweta.

"Umenishinda, Mama," akasema. Akalitua begi. "Nimeshakipaka rangi kile chumba chako. Nikanunua na vikombe viwili. Jioni... jioni kunakuwa kimya sana kule."

Majigambo yote yakamtoka Tamae. Miezi yote hii alikuwa akiyapigania magoti yake, kumbe neno la binti yake halikuhusu magoti hata kidogo. Aliona aibu, kisha akaona uchungu, uchungu wa mama hasa.

Akaliweka tikiti chini. Akashuka tena, ngazi kwa ngazi, mpaka pale aliposimama binti yake.

"Lete hilo begi," akasema. "Na uniambie, hivyo vikombe ni vya rangi gani?"