Bi Pua na Trei za Paka

Siku Bi Pua alipoingia dukani mara ya kwanza, alikaa karibu nusu saa bila kununua kitu. Alikuwa ananusa. Alifungua kifuniko cha dumu hili, akanusa. Akafungua lile, akakunja uso. Akaushika mche wa sabuni ya waridi, akaurudisha kwenye rafu kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota soksi isiyo yake. Mwenye duka, mwanamume mnene aliyejipa jina la Mapovu na kulipaka rangi juu ya mlango, alimwacha tu. Alikuwa ameanza biashara kwa kutembeza sabuni begani, mlango kwa mlango, mpaka akapata kibanda, na kibanda kikazaa duka lenye rafu za chuma. Mtu wa namna hiyo haharakishi mteja. Mteja akishachoka, bei humwingia kwa urahisi.

Huyu hakuchoka. Mwishowe akaomba chupa kubwa za siki nyeupe, soda ya unga ile ya waokaji, na sabuni ya kufulia isiyo na manukato hata chembe. Vitu rahisi kuliko vyote dukani, na bado akataka apunguziwe.

"Dada yangu, nimeshuka mpaka nimegusa sakafu," Mapovu akalalamika.

"Basi funua zulia, mdogo wangu. Huenda chini yake pana nafasi."

Akapunguziwa. Mapovu alibaki mlangoni akimtazama anavyokwenda na mzigo wake kichwani, akajua amekutana na mtu wa kiwanda kimoja naye.

Hakulala na jambo hilo. Aliuliza kwa majirani, akaambiwa mama huyo huosha trei za paka kwa daktari wa wanyama, kwenye nyumba ambamo watu wanaosafiri huacha paka wao. Chumba kirefu, vizimba vya magurudumu kuta mbili, kila kizimba na trei yake ya mchanga. Zamani, harufu ilikuwa ikimpokea mgeni getini na kumsindikiza mpaka ndani. Tangu Bi Pua ashike kazi, wageni walikuwa wakisimama katikati ya chumba na kuuliza paka wenyewe wako wapi. Kwa kazi hiyo alikuwa amemsomesha binti mmoja akamaliza, na wa pili alikuwa bado chuoni akisomea uuguzi. Wifi yake alizoea kumtania kwamba ameolewa na mavi ya paka. Bi Pua alimjibu kwamba mume huyo hamjibu ovyo na hajawahi kuchelewa kurudi nyumbani.

Mapovu akaona mlango uko wazi. Akavaa shati lake la pasi, akaenda kwa daktari na chupa ya dawa ya maua, ile ya kusafishia yenye manukato.

"Kwako hakunuki, daktari, hilo nakupa," alimwambia. "Lakini hakunukii. Kati ya kunuka na kunukia kuna herufi moja tu, na hiyo herufi ndiyo ninayouza mimi."

Maneno yalimwingia daktari, kwa sababu wiki hiyohiyo mteja mmoja alikuwa amesifia nyumba nyingine ya paka mtaa wa pili, ati ukiingia utadhani umeingia bustanini. Mapovu akaongeza chumvi: kwa dawa yake mtu hahitaji kusugua kutwa, anapuliza, anafuta, anaondoka. Mlinzi wa getini angeweza kuifanya kazi ile akiwa amesimama.

Daktari akamwita Bi Pua, akamweleza kwa upole kwamba dawa ikifaa, mwisho wa mwezi wataagana. Bi Pua hakulia wala hakubembeleza. Alisema jambo moja: apewe ukuta mmoja, mwenye duka apewe ukuta mwingine, wiki moja, paka waamue. Na huyo mwenye duka aoshe kwa mikono yake mwenyewe. Mapovu, aliyekuwa hajawahi kukataa shindano, akakunja mikono ya shati hapohapo.

Siku ya kwanza ukuta wake ulinukia kama saluni, na daktari akatabasamu. Siku ya pili paka wa ukuta huo walikuwa wakiikaribia trei, wananusa, wanainua mguu mmoja juu kama waliokanyaga moto, wanarudi nyuma. Siku ya tatu walikuwa wameanza kumalizia haja zao kwenye blanketi na kwenye bakuli la maji. Dume moja jekundu lilijizuia kutwa nzima, kisha Mapovu alipoinama kulibembeleza, likamaliza yote kwenye kiatu chake kupitia nondo za kizimba. Ng'ambo ya chumba, Bi Pua aliendelea kusugua. Hakucheka, ila mabega yalimtikisika.

Mapovu aliamini dawa ni nyepesi. Akazidisha. Mambo yakazidi kuharibika, na sasa hata vizimba vilivyokuwa vikinukia vikaanza kunuka. Siku ya tano akaja na jiki, ile dawa kali ya kung'arishia nguo nyeupe. Akaimimina juu ya trei zenye mikojo, hata hajazisuuza, akainama kusugua kwa nguvu zake zote ili amalize ubishi.

Kwanza macho yalimwasha, kisha akaanza kukohoa bila kupata pumzi. Bi Pua aliposikia kikohozi kile alitupa brashi, akamshika ukosi wa shati na kumburuta mpaka nje, mwili wote ule. Akaacha milango wazi, akamwita daktari, na wawili hao, kanga na kitambaa vikiwa puani, wakavisukuma vizimba barazani. Daktari akawapima paka mmoja mmoja. Wote wazima. Mapovu alikuwa amekaa chini akivuta hewa kama samaki.

"Jiki na mkojo wa paka ni sumu," Bi Pua akamwambia alipoona ameanza kupumua vizuri. "Jiki na siki yangu, sumu vilevile. Ndiyo maana haivuki kizingiti changu."

"Na maua je? Maua yamekosa nini?"

"Pua ya paka ni kubwa kuliko yangu na yako tukichanga. Ukimjazia maua chooni, anaona umemfungia mlango. Trei haitakiwi kunuka, mdogo wangu, wala haitakiwi kunukia. Inatakiwa inyamaze."

Daktari alisikia. Akamuuliza anataka nini. Bi Pua alikuwa na jibu mdomoni, maana mtu anayejua thamani ya kazi yake huwa haendi kulitafuta. Alitaka kazi yake ibaki, na ufunguo wa stoo ukae kiunoni kwake, na kitu chochote cha kuoshea kisinunuliwe mpaka yeye akinuse kwanza. Akapewa vyote vitatu.

Mapovu hakuondoka. Mfanyabiashara akianguka hutazama kwanza alipoangukia kama pana kitu cha kuokota. Aliomba afundishwe, na Bi Pua akamwonyesha, kwa sharti kwamba siki na soda zitaletwa mpaka stoo kwa gharama ya duka. Alimwaga mchanga, akakwangua, akalowesha trei kwa siki na maji ya moto nusu kwa nusu kwa robo saa, mpaka ule ukoko mweupe wa mkojo ukalegea. Akasuuza. Akasugua kwa sabuni, akasuuza tena, akaianika juani mpaka ikakauka kabisa. Ndipo akanyunyiza soda kidogo chini, mchanga juu yake.

Mapovu akauliza kwa nini asichanganye siki na soda pamoja vitoe povu.

"Povu ni ugomvi wao wawili. Wakimaliza kugombana, mkononi yanabaki maji tu. Wewe povu limekupofusha tangu ulipojipa jina."

Alijaribu bado kumshawishi watengeneze pamoja pakiti ya kuuza dukani, yenye siki, soda na harufu kidogo tu ya ndimu. Bi Pua alimtazama mpaka akaliacha neno njiani. Pakiti ikatoka bila harufu, siki upande wake na soda upande wake, na juu yake maelezo ya kuosha kama Bi Pua alivyoyasema, hakuna neno lililoongezwa.

Mapovu alipoteza shati moja, jozi ya viatu na soko la dawa ya maua, ambayo aliishia kuiuza kwa hasara kwa waosha vyoo vya ofisini. Alipata mteja wa kudumu asiyekubali bei ya kwanza. Bi Pua alipoteza wiki moja ya usingizi, basi. Alibaki na kazi yake na ufunguo wa stoo, na binti yake akabaki chuoni.