Sanduku la Pili la Spana

Ukitaka kumwona mume wangu akinuna, chukua mkasi wake ukakatie karatasi. Ojulong ni fundi cherehani pale Tororo, anashona sare za shule na magauni ya maharusi, na ule mkasi aliununua kwa akiba ya msimu mzima. Siku moja binti yetu Loy aliutumia kukatia kadi ya Krismasi. Baba mtu hakupiga, wala hakufoka. Aliketi akaugeuzageuza mkononi kama mtu aliyeletewa mgonjwa, na ugali wake ukapoa. Alimwambia mtoto kwamba kifaa kibovu kinakula kitambaa cha mteja, halafu kinakula na jina la fundi.

Sasa nielezeni, mtu wa namna hiyo anavukaje mpaka pale Busia kwenda kununua spana zilizotandazwa juu ya gunia, ubavuni mwa viatu vya mitumba?

Alirudi mchana na sanduku jekundu la plastiki. Spana zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa, zinang'aa utadhani zimepakwa mafuta ya kujipaka. Nikamuuliza kama ni za kufungulia masufuria yangu.

"Mama Loy," akasema, "hawa watu wa gereji wanatuchezea. Pikapu ya mzee mimi natengeneza mwenyewe, hapa hapa nyumbani."

Pikapu yenyewe ilikuwa ya marehemu baba mkwe. Kwa miaka mingi ilibeba mtama kutoka Kirewa, na mwanamke aliyeshikwa na uchungu hata huko Sop Sop ilimfuata, mvua au jua. Mzee alipofariki nayo ikagoma, tukaivuta hadi uani kwetu. Shemeji yangu Paddy, kifungua mimba wa familia, anakaa Mbale na ana maneno ya mjini. Alisema gari lisilotembea ni chuma tu, liuzwe, watu wagawane. Ojulong akasema litatembea. Paddy akampa hadi Krismasi.

Ndipo kazi ikaanza. Jioni ya kwanza soketi ilipasuka kwenye nati ya kwanza ya gurudumu, vipande viwili kama karanga. Bisibisi ilijikunja. Kichwa cha nyundo kilichomoka, kikampitia bata wangu juu ya mgongo, na tangu hapo yule bata hakatizi uani mume wangu akiwepo. Spana nazo zilikuwa laini. Ukizikaza zinapanua mdomo, zinateleza, zinakula kona za nati mpaka nati inabaki duara. Majirani zetu wanaazima kila kitu, hata mwiko ukiwa ndani ya chungu, lakini zile spana hakuna aliyewahi kuzibishia hodi.

Nilicheka sana, sikatai. Mume wangu alikuwa burudani ya mtaa bila kiingilio.

Siku ya jeki sikucheka. Ilitoka kwenye gunia lile lile, na rangi yake ilikuwa nzuri kuliko zote. Ojulong alinyanyua pikapu, akaingia chini, akabaki miguu. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Nikainua macho, nikaona kioo cha pembeni kiko chini ya dirisha la jikoni, na dakika chache nyuma kilikuwa juu yake. Nikaangalia tena. Gari lilikuwa linashuka, taratibu, bila hata sauti.

Gogo langu la kupasulia kuni lilikuwa karibu. Sijui nilipata wapi nguvu, nililivingirisha nikalisukuma chini ya fremu, nikamwita kwa jina lake la ubatizo ambalo huwa silitumii. Alipotoka, jeki ilikuwa imelala kabisa na gari limekaa juu ya gogo. Nilimtukana kwa Kiateso, nikamalizia kwa Kiswahili, halafu nikalia mbele ya mtoto.

"Jeki ni nzuri," akasema akijipangusa vumbi. "Imechoka tu."

Imechoka. Tulikuwa tumeinunua juzi. Niliikamata nikaitumbukiza chooni, na nikaweka sheria kwamba gogo lisipokuwepo, hakuna mtu kuingia chini ya lile gari.

Mwezi wa kumi Paddy alipiga simu. Alisema haoni dalili ya gari kutembea, hivyo baada ya Krismasi anakuja na mtu wa vyuma chakavu kutoka upande wa Kenya, anaitwa Kevo. Huyo Kevo hataki gari zima, kwa sababu gari zima likifika mpakani linaulizwa kadi yake ya usajili, na hiyo kadi mzee alijua mwenyewe alikoiweka. Atalifungua hapo hapo uani. Injini, giaboksi na magurudumu vitavuka vipande vipande kwenye magunia, juu ya baiskeli, na mabaki atayaacha kuku walale humo.

Nilimtazama mume wangu. Naijua ile pikapu ilivyo moyoni mwake. Alijifunza kuendesha ndani yake, na ndimo alimompeleka mama yake hospitali mara ya mwisho. Nilingoja akatae. Akajibu, "Sawa kaka," akakata simu.

Kesho yake akaenda Busia. Akarudi na sanduku jekundu, pacha wa lile la kwanza.

Jamani, nilikaribia kufunga mizigo nirudi kwetu. "Baba Loy," nikamwambia, "la kwanza limekushinda. Huyu mdogo wake atakusaidia nini?"

"Pole pole," akasema.

Kila jioni akitoka kwenye cherehani yake anakwenda kuishughulikia pikapu. Leo magurudumu, kesho injini, keshokutwa yuko chini ya gari, kando ya gogo langu, na giaboksi. Unasikia krrr, krrr, na hakuna nati hata moja inayotoka. Kanisani akina mama walikuwa wananiuliza habari za fundi wangu wa kukaza, nami nilikuwa nawasimulia kwa vitendo. Walicheka mpaka mwenzetu Damalie akashika mbavu.

Krismasi ikapita, Paddy akaja na Kevo. Kevo ni kijana mpole, na sanduku lake la vifaa lilikuwa zito, jeusi kwa oili. Akaweka spana kwenye nati ya gurudumu, ikateleza. Akajaribu ya pili, ya tatu. Akafungua boneti, akajaribu injini, akaingia chini kwenye giaboksi, akatoka jasho linamtiririka.

"Nani alifanya hii kazi?" akauliza.

"Mimi," Ojulong akasema, akamwonyesha spana zake.

Kevo akachukua moja, akaupima mdomo wake kwa kidole, halafu akamgeukia Paddy. "Boss, hii imekataa. Nati zote ni duara. Nikichomelea nati ingine juu ya kila moja ndio nifungue, nitakuwa hapa mpaka Pasaka. Nikikata na gesi, sasa nitauza nini?" Akafunga sanduku lake.

Paddy alimwita ndugu yake mjinga, mbele ya mtoto na mbele yangu. Ojulong aliinamisha kichwa, akasema, "Nisamehe kaka, nilikuwa nasaidia." Iliniuma. Kumcheka mume wangu ni kazi yangu, sikumbuki kumwajiri Paddy. Kuku niliyemchinja wakamwacha mezani, wakaondoka.

Nilipokuwa natoa vyombo, nikaona mabega ya mume wangu yanatikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka.

"Mama Loy, mimi nashona," akasema. "Kifaa cha kuharibu nikikishika tu nakijua. Sanduku la kwanza nilidanganywa na mng'ao. La pili nilichagua. Nilimwambia yule muuzaji anipe zile mbovu kabisa."

"Akasemaje?"

"Akasema zote ni sawa."

"Na wewe gari utalifunguaje?"

"Welda wa stendi anaweza kuchomelea, nati moja moja. Lakini anakuja nikimwita mimi. Sina haraka."

Nilikaa chini nikacheka hadi machozi, maana miezi yote ile mtaani mjinga alikuwa mmoja, naye alikuwa mimi. Kisha nikakumbuka jambo, kicheko kikakatika.

"Na jeki?" nikamuuliza. "Jeki nayo ulijua?"

Akaacha kucheka. Akaangalia nje, kule uani.

"Jeki niliiamini," akasema.

Siku hizi kuni zangu napasulia juu ya jiwe. Gogo liko chini ya pikapu, na halitoki.