Mama Trei na Dakika Tisini

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Trei alikuwa amezipanda ngazi za ofisi ile na trei ya vikombe kumi na viwili mikononi, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba chai imemwagikia sahani. Lifti ilikuwa na tabia ya kuugua kila mwezi, kwa hiyo ghorofa ya nne aliifikia kwa miguu, asubuhi na alasiri. Alikuwa na mwendo wake: viwiko vimebana mbavuni, shingo imekaza, macho kwenye vikombe, pumzi ameizuia kila anapokata kona.

Tangazo la mbio za kilomita kumi lilipobandikwa karibu na mashine ya fotokopi, wanne walijiandikisha siku hiyohiyo, meneja mwenyewe akiwa wa kwanza. Timu ilitakiwa kuwa na watu watano, na wote watano wamalize ndani ya dakika tisini, la sivyo matokeo ya timu hayahesabiwi. Nafasi ya tano ilikaa wazi siku tisa. Siku ya kumi Mama Trei alikusanya vikombe, akaazima kalamu kwa katibu muhtasi, akajiandika.

Afisa mauzo, kijana mwenye viatu vya mbio vya rangi tatu, aliisoma ile orodha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, hizi ni mbio, siyo kupeleka chai."

"Najua kusoma, mwanangu."

"Ukichelewa wewe, sisi wanne tumekimbia bure. Unalielewa hilo?"

"Nalielewa. Ndiyo maana sikuandika kwa penseli."

Maneno yalimtoka kwa ujasiri, ila alipofunga mlango wa jikoni alianza kupiga hesabu. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mara ya mwisho kukimbia ilikuwa kulifukuza gari la taka lililompita. Lakini kilichomkera zaidi ya kile kicheko ni kwamba hakuna aliyemuuliza kwa nini anataka. Maisha yake yote alikuwa amewapelekea watu vitu. Sasa alitaka kitu kimoja akifikishe mwisho kwa ajili yake mwenyewe, tena ndani ya muda waliosema hauwezi. Hakukuwa na siri nyingine.

Jirani yake alikuwa mwalimu mstaafu wa michezo, mzee mwenye nyonga mbovu na mdomo mzima. Alimtazama akizunguka uwanja wa shule mara moja tu, akamwita.

"Mama, umebeba nini?"

"Sijabeba kitu, Mwalimu."

"Umebeba. Mikono yako haichezi. Unakimbia kama mtu anayeogopa kumwaga."

Mama Trei akaitazama mikono yake. Ilikuwa mbele ya tumbo, viganja vimeelekea juu, imetulia tuli. Alicheka hadi machozi, kisha akaona uchungu kidogo, maana kumbe hata alipokuwa peke yake uwanjani alikuwa bado kazini.

Wiki ya kwanza Mwalimu hakumruhusu kwenda mbali. Alimfundisha mikono tu: viwiko vikunjwe na kupigwa nyuma, viganja vilegee kama vimeshika yai, mabega yashuke. Macho yatazame hatua ishirini mbele, kwa sababu, kama alivyosema Mwalimu, chini hakuna vikombe. Wiki ya pili ikaja miguu: hatua fupi na za haraka, mguu utue chini ya mwili, siyo mbele kama anayeruka dimbwi. Ofisini, akisubiri birika lichemke, alifanya mazoezi ya viwiko. Katibu muhtasi alimkuta siku moja akaondoka kimyakimya, akidhani mama wa watu anagombana na jiko.

"Malengo ni matatu," Mwalimu alimwambia. "La kwanza, umalize. La pili, usitembee kabla ya kilomita ya saba. La tatu ndiyo hizo dakika tisini."

"Kwangu la tatu ndilo la kwanza, Mwalimu."

"Sawa, lakini utalifikia kwa kupitia hayo mawili. Kilomita moja, dakika tisa. Usizidishe, usipunguze."

Alfajiri baada ya alfajiri, kabla ya kwenda kazini, alikimbia. Wiki ya tano goti lilivimba, akalazimishwa kupumzika siku sita, akalia kwa hasira. Siku ya saba alirudi uwanjani akatembea tu, kisha akakimbia mzunguko mmoja, kisha miwili. Wiki ya kumi alimaliza kilomita nane kwa dakika sabini na moja. Mwalimu aliiangalia saa mara mbili, kisha akaipangusa kioo akaiangalia tena.

Siku ya mbio afisa mauzo alichomoka kama aliyesikia kwake kunaungua. Mama Trei alibaki na hesabu yake. Dakika tisa, kilomita ya kwanza. Watu wakampita, akawaacha wapite. Kilomita ya tano aliifikia kwa dakika arobaini na nne, yuko mbele ya muda, mikono inacheza vizuri.

Hapo palikuwa na meza ya maji. Msichana mmoja alikuwa anahudumia mikono ishirini kwa pamoja, vikombe vinaanguka, mama mmoja amenyoosha mkono amekosa. Kabla akili haijamjia, Mama Trei alikuwa nyuma ya meza. Alimimina, akagawa, akafuta maji yaliyomwagika kwa pindo la fulana yake. "Karibu. Chukua. Na wewe kaka." Foleni ikanyooka.

"We mama," mkimbiaji mmoja akasema huku akipokea kikombe, "si una namba kifuani?"

Akajitazama. Dakika tatu zilikuwa zimekwenda, na yeye mwenyewe hajanywa hata tone. Akanywa kikombe kimoja kwa pumzi moja, akaingia barabarani akijisonya. Alijichukia kwa kilomita nzima, na hasira ile ikageuka nguvu. Alifunga kibwebwe. Wale waliompita mwanzo akaanza kuwaona migongo, mmoja mmoja, akawaacha nyuma.

Kwenye bango la kilomita ya tisa saa ilisema dakika themanini na moja. Pembeni, kwenye ukingo wa barabara, afisa mauzo alikuwa ameketi, ameshika ubavu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, ila siku ile hakuna aliyekuwa na pumzi ya kumwambia.

"Mama," akaita. "Nisubiri. Tuingie pamoja, nivute."

Miguu ya Mama Trei ikapunguza mwendo yenyewe. Mikono nayo ikaanza kurudi mbele ya tumbo.

"Inuka sasa hivi," akasema, akikimbia papo hapo. "Ukiinuka sasa tunafika wote."

"Dakika mbili tu, Mama."

"Sina hizo dakika mbili, mwanangu."

Akaenda. Aliumia kumwacha, tena sana, lakini hakugeuka. Kilomita ile ya mwisho mapafu yalimwaka na goti lilimlaumu kila hatua. Alivuka mstari kwa dakika themanini na tisa na sekunde ishirini.

Afisa mauzo alifika kwa dakika tisini na nne. Matokeo ya timu hayakuhesabiwa. Meneja, aliyekuwa amemaliza zamani, alikuja na taulo shingoni, na wale wengine wakasimama nyuma yake.

"Anasema ulimkuta pale kwenye kilomita ya tisa ukampita. Kwa nini hukumsubiri, Mama?"

Neno samahani lilishafika mdomoni, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili. Mama Trei akalimeza.

"Kwa sababu na mimi nilikuwa kwenye mbio, Bosi," akasema. Kisha akaenda kujipanga kwenye foleni ya medali, nyuma ya watu wawili.