Kigelegele Katika Chumba cha Pasi

Mpiga pasi wa hoteli yetu hapa Garhoud, ughaibuni, ni mama wa makamo kutoka Vihiga. Kila shati analomaliza hulipapasa mgongoni taratibu, kama anayebembeleza mtoto. Mikono yake ina makovu ya moto hadi kwenye viwiko, na sauti yake ni nzito. Kutwa nzima hunong'ona Maandiko huku mvuke ukimfunika uso, hata sisi tunaokunja taulo tumezishika Zaburi kadhaa bila kufungua Biblia. Mwezi jana meneja alimnyima likizo ya kwenda kwenye harusi ya binti yake, na kwa siku kadhaa alipiga pasi kimya. Halafu asubuhi moja nikamsikia ameanza tena, kwa sauti ya kukwaruza: "Mtini usipochanua, mizabibu isipozaa, na likizo isipotoka, mimi nitamfurahia Bwana."

"Mama, mbona likizo haimo kwa Habakuki?" nikamwambia.

"Najua," akasema, akicheka na kujifuta machozi kwa kiganja. "Nimeiongeza mimi. Nabii atanielewa."

Jumamosi ya harusi aliegemeza simu kwenye rundo la foronya, amepigiwa video kutoka nyumbani. Bibi harusi alipotokea kwenye kioo cha simu, mlangoni mwa kanisa, mama aliweka pasi kando akapiga kigelegele kilichomleta meneja mbio.

"Kuna nini?"

"Binti yangu anaolewa, sir. Ni huyu anayecheka."

Meneja akainama kutazama. Kule Vihiga binti alikuwa amesimama, ameigeukia simu, na wanawake wote waliomzunguka wakaanza kuitikia kwa vigelegele.