Mkono wa Kukata Belo

Majina ya watu wote waliowahi kununua kwangu ninayo kichwani, na majina ya watoto wao, na saizi za watoto wao. Humu sitataja hata moja. Wengi wako hai, na haya ninayosimulia ni aibu yangu mimi, si yao.

Niliuza nguo za watoto pale Mchikichini. Nilianza enzi za ruksa, nguo za nje zilipoanza kushushwa mjini kwa mabelo, wakati kabla ya hapo tulikuwa tunapanga foleni kwa ajili ya kipande cha kitambaa. Shule niliishia darasa la pili, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Kuandika jina la mtu kulinichukua muda zaidi kuliko kumuuzia, nikaona bora nilishike kichwani. Mama akija na mtoto mgongoni, namuuliza jina lake na la mtoto, nampima mtoto kwa macho. Likitokea gauni la saizi yake nalificha chini ya meza. Siku akipita, namwita. Katika zogo la soko lile, mtu ukimwita jina lake lazima asimame.

Kwa asiyelijua belo, nieleze kidogo. Unalinunua likiwa limefungwa, limekazwa kamba za plastiki, na kuchungulia hakuna. Limeandikwa nguo za watoto, basi. Ndani yanaweza kuwa magauni ambayo hayajavaliwa hata siku moja, au matambara yenye madoa ya maziwa. Unalipa kwanza, ndipo unakata. Kamba ikikatika inalia ta, na nguo zinavimba zenyewe kama unga wa maandazi ulioumuka. Hapo, kabla hujaona chochote, moyo unakuwa juu kooni. Mimi nilikipenda kile kipindi kifupi kuliko faida yenyewe. Sikumwambia mtu.

Pale sokoni walisema mkono wangu una heri. Watu wa meza za mbali walinifuata na visu vyao. "Mama, njoo unikatie, ukate wewe." Nakata. Zikitoka nguo kali, wanasema ni mkono wangu. Yakitoka matambara, hakuna aliyeusema mkono. Walimsema tajiri wa godauni la Kariakoo kwamba kawauzia takataka. Na mimi niliamini hivyohivyo. Mabelo mazuri niliyahesabu kuwa yangu, mabaya nikamwachia tajiri.

Magoti yalipokufa, meza nikamwachia binti yangu, nikabaki chumbani kwangu Ilala. Akaninunulia simu ya kupangusa, kwa sababu wateja walikuwa wakimwulizia bibi. Kila siku mchana ananipigia. "Mama, kuna huyu mama wa Mchafukoge, mnene kidogo, ana mapacha. Anaitwa nani?" Namtajia. Namwambia mapacha sasa watakuwa na miaka sita, wa kike ana mabega mapana, ampe saizi ya saba. Nasikia yule mteja akicheka kwa mbali: "Bibi bado ananikumbuka." Hiyo ndiyo kazi niliyobaki nayo. Ilichukua dakika tano. Siku iliyobaki nilikuwa naangalia pazia.

Kindege kililetwa na shoga yangu. Tuliuza pamoja miaka yote, yeye mikoba. Belo hajapata kununua maishani mwake. Alichagua mkoba mmoja mmoja, anaukagua zipu, ndipo anatoa hela. Alikuja asubuhi na simu yake mkononi.

"Shoga, tazama kidude hiki. Kindege kinapanda, na hela yako inapanda nacho. Unabonyeza uitoe kabla hakijapaa kikapotea. Ukichelewa, umeliwa."

"Kinapaa saa ngapi?"

"Ingejulikana, mimi ningekuwa hapa na wewe, bibi mwenye magoti ya udongo?"

Akacheza mara tatu, akapata ya soda, akafunga simu akaomba chai. Nikamwambia aniwekee na mimi. Akaniwekea kwenye simu yangu huku anacheka: "Kwa mkono wako ule, utawafilisi hawa."

Nimefikiri sana kwa nini yeye alifunga simu na mimi sikufunga. Siku ya kwanza nilibonyeza, kikapaa mara tu nilipobonyeza, nikasema moyoni, mkono bado upo. Ule moyo wa kooni ukarudi, mimi niliyedhani nimeuacha sokoni. Lakini sokoni, kati ya belo na belo ulipita mwezi. Belo likikatwa limekatwa, inabidi usimame juani uuze kila kipande mpaka uone turubai chini, ndipo upate hela ya kununulia jingine. Ule mwezi ndio ulionilinda, nami nilikuwa naulalamikia. Kindege hakina mwezi. Kikipaa, hujavuta pumzi kingine kiko uwanjani kinakusubiri. Na belo baya bado ni nguo, kuna mtoto atavaa. Kindege kikienda hakiachi hata kifungo.

Siku moja mchana nimeweka hela, kinapanda, simu ikaita. Sura ya binti yangu ikakifunika kindege. Nikaikata. Nilimkata mwanangu kama mtu anavyofukuza nzi. Akapiga tena.

"Mama, ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa naswali."

Akaniuliza jina la mteja aliyesimama mbele yake. Nikamtajia jina la mtu mwingine kabisa. Nikasikia yule mwanamke akisema taratibu, "Hapana, siyo mimi."

"Mama, unaumwa?" binti yangu akauliza.

Nikasema magoti.

Sasa nifike pale ninapopakwepa. Binti yangu alikuwa akidunduliza hela ya belo la Idi. Nguo za watoto zinauzika kwa Idi kuliko mwaka mzima. Kwenye simu yake hela zilikuwa zinayeyuka, kwa hiyo kila akifunga meza ananirushia mimi. "Kwako ndiyo benki," anasema. Zangu zilipokwisha, nilichukua kidogo katika zake ili nirudishe zangu. Kisha nikachukua nyingine ili nirudishe zake. Mtu angenisimulia habari hiyo, ningemwona mjinga. Ndani yake inaonekana ni njia iliyonyooka.

Msidhani sikutaka kuacha. Simu niliifungia kwenye sanduku la khanga, nikakaa juu ya sanduku. Siku nyingine nikampa shoga yangu aondoke nayo. Haijafika saa tano nikamfuata na bajaji, nikamwambia binti yangu atapiga mchana. Na ni kweli alipiga. Ile simu iliyokuwa inanila ndiyo hiyohiyo mwanangu aliyonihitajia, nitaitupa wapi? Mwishoni hata nikishinda sikufurahi. Nilishukuru tu kwamba nina ya kuchezea tena.

Akaja mwenyewe asubuhi, kavaa tayari ya kwenda Kariakoo.

"Shikamoo mama. Tajiri kaniwekea belo, nirushie ile hela."

"Marahaba. Mtandao leo unasumbua."

"Lete nione."

Akakaa kitandani, akapangusa juu, akapangusa chini. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Ilikuwa ya Idi, mama."

"Najua."

"Kwani hukushinda hata mara moja?"

"Nimeshinda mara nyingi."

"Sasa ziko wapi?"

"Ndizo nilizochezea."

Akacheka, kicheko kifupi kama kikohozi, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaondoka na simu.

Belo alipata nusu. Mwenye meza ya jirani alikubali kuchangia naye, wagawane nguo. Nikaomba kwenda kuona. Wakanishusha na bajaji, wakanipa stuli. Belo liko juu ya turubai, watu wamelizunguka. Nikanyoosha mkono kupokea kisu. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe kama siku zote.

Binti yangu akauangalia. Kisha akainama akakata mwenyewe, kamba ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Leo wewe kaa hapo, mama," akasema. "Uniambie ni za nani."

Zilitoka nzuri kiasi na mbaya kiasi, kama zilivyotoka siku zote nilipokata mimi. Ndiyo mara ya kwanza kuliona hilo. Akawa ananyanyua gauni, mimi nataja jina la mama na la mtoto, yeye anaweka pembeni. Tukaenda hivyo mpaka alasiri. Sikukosea hata moja.

Siku hizi nina kitochi, simu ndogo ya vitufe. Picha hakipokei, ila binti yangu akipiga mchana ananielezea mteja kwa maneno kama zamani. Juzi aliniuliza jina la mwenye meza ya jirani, yule waliyechangia belo. Wamekaa bega kwa bega miaka sita. Nikamtajia. Yeye akasema ahsante mama, na mimi sikumwuliza kwa nini ananiuliza jina analolijua.

Asichojua ni kwamba kitochi nacho kinacheza. Kindege hakina, ila unabonyeza namba fulani, inakuja orodha ya timu, unachagua itakayoshinda, unaweka hela. Kijana wa kibanda cha kutolea pesa hapa chini aliniambia siku ya tatu tu tangu nikipate, wala sikumwuliza. Namba yenyewe alinitajia mara moja. Ninayo kichwani, pamoja na majina ya watu wote, na kichwa changu hiki sijawahi kukifundisha kusahau.

Kila mchana nakaa nimekishika kitochi, nasubiri kiite kabla kidole hakijaanza. Leo imefika saa saba, bado hajapiga.